Mwenyeji wa Katanga ni Nani?

Mwezi uliopita nilikwenda katika ofisi moja hapa Lubumbashi kutafuta cheti ambacho binti yangu alikihitaji kwa ajili ya masomo. Mwanamke aliyekaa nyuma ya meza, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, aliniuliza jina, mwaka na mahali pa kuzaliwa, nami nikamjibu kwamba nilizaliwa Kamalondo, mwendo wa miguu tu kutoka pale tulipokuwa. Akaandika. Kisha akauliza asili. Nikarudia kwamba ni Lubumbashi. Akatabasamu kwa subira ya mtu aliyelizoea jibu hilo, akaniambia: "Papa, hapa habaulizi fasi ulizaliwa. Banauliza fasi ba nkambo balitokea."

Ba nkambo wangu, yaani mababu zangu, walitokea Kabinda. Babu mzaa baba aliondoka huko mwaka 1929 akiwa kijana, baada ya mwandikishaji wa wafanyakazi kupita kijijini kwao, akafika Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa wakati ule, kufanya kazi ya mgodi. Katika ramani ya mwaka huo Kabinda ilikuwa makao ya wilaya ya Lomami, na Lomami ilikuwa mojawapo ya wilaya nne za Katanga. Alipofunga safari, basi, hakutoka jimbo moja kwenda jingine. Alisafiri ndani ya jimbo lake mwenyewe. Miaka minne baadaye, yaani 1933, serikali ya Kibelgiji ilipanga upya majimbo ya koloni, ikaitoa Lomami katika Katanga na kuitia katika jimbo jipya la Lusambo. Siku hiyo babu alikwenda kazini kama kawaida. Aliingia zamu akiwa mtu wa Katanga, akatoka akiwa mtu wa kuja.

Ninaanza na fomu hii ya ofisini kwa sababu ndipo mahali ambapo historia ya Katanga inakutana na raia wa kawaida. Mjadala wa nani mwenye nchi na nani mgeni hupamba moto wakati wa uchaguzi, na wanaouendesha huzungumza kana kwamba mpaka kati ya makundi hayo mawili uliwekwa na Mungu mwenyewe. Nikiufuatilia mpaka huo kurudi nyuma, naona umehama mara nyingi mno, na kila ulipohama palikuwa na kitu cha kugawana: njia ya biashara, kazi za mgodi, viti vya umeya, ruzuku. Naona pia jambo la pili, ambalo wanasiasa wetu hawalipendi sana. Falme za kale za nchi hii zilikuwa na ustadi wa kumpokea mgeni na kumfanya mwenyeji. Ukoloni uliuvunja ustadi huo, na sisi tuliorithi ofisi za ukoloni hatukuona haja ya kuurudisha.

Tuanze mbali, kwenye makaburi. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wanaakiolojia walianza kuchimba mwaka 1957, na kazi hiyo ikaendelezwa na wengine katika miaka ya 1970. Walikuta watu waliozikwa kati ya karne ya 8 na ya 13 wakiwa na vyungu vizuri sana, shoka, vidani na bangili za shaba. Sasa, Upemba ni nchi ya samaki na matete. Shaba haichimbwi huko. Machimbo yako kusini, zaidi ya kilomita 200 kutoka ziwani. Shaba iliyomo katika makaburi hayo ilibebwa begani au kwa mtumbwi na watu waliokuwa na cha kubadilishana, na huenda samaki mkavu wa Kisale alifika kusini kwa njia ile ile. Kuanzia karne ya 13 hivi, kitu kipya kinaingia makaburini: misalaba ya shaba, ambayo haina uhusiano wowote na Ukristo. Ile ya mwanzo ni mikubwa, mmoja au michache, imelazwa juu ya kifua cha marehemu. Ile ya baadaye ni midogo, inakaribiana kwa ukubwa, na inakutwa katika mafungu karibu na mikono au kiunoni, mahali ambapo mtu hubeba fedha.

Misalaba ya aina hiyo inaweza kuonekana katika makumbusho ya taifa hapa mjini. Anayeitazama kwa karibu huona kwamba uso mmoja ni laini kiasi na mwingine una mikwaruzo ya kalibu ya udongo, na kwamba mikono minne haikulingana kabisa. Mfuaji hakuwa na mashine. Kazi yake ilianza baada ya mavuno, mvua zilipokwisha na mashimo yalipokauka: wanaume, na mara nyingi familia nzima, walihamia karibu na kilima chenye mawe ya kijani, wakachimba, wakatwanga, wakaosha, kisha wakajenga matanuri kwa udongo wa vichuguu, ambao hauvunjiki upesi kwa moto. Makaa yalichomwa kutoka miti migumu ya msitu wa miombo, mivukuto ikapigwa, na mukuba ukatiririka. Msimu ukiisha, wote walirudi kulima. Mukuba ndilo jina la shaba ambalo wazee wa kwetu bado wanalitumia, na inafaa kukumbuka kwamba biashara yake ilikuwa na zaidi ya miaka elfu moja kabla kampuni yoyote ya Ulaya haijaandikishwa kwa ajili yake.

Kutoka bonde hilo hilo la Upemba na nchi zinazolizunguka ndipo ulipokua ufalme wa Waluba, na hapa masimulizi yenyewe yanasema jambo ambalo lingepaswa kuwanyamazisha wapiga kelele wa uenyeji. Mfalme wa kwanza, Nkongolo, alikuwa mkatili na asiye na adabu ya kifalme. Kutoka mashariki akaja mwindaji mgeni, Mbidi Kiluwe, mtu wa heshima ambaye hali mbele ya watu, akazaa na dada wa Nkongolo mtoto aliyeitwa Kalala Ilunga. Mtoto huyo akakua, akamshinda mjomba wake, akasimika utawala unaokumbukwa hadi leo. Nenda magharibi, kwa Walunda: binti wa kifalme Ruwej anampokea mwindaji kutoka kwa Waluba, Chibinda Ilunga, anamkabidhi kikuku cha utawala, na ukoo wa Mwant Yav, yaani wafalme wa Walunda, unajenga Musumba, mji wao mkuu. Katika masimulizi yote mawili mwenyeji ana ardhi na mgeni ana maarifa, na ufalme unazaliwa pale wawili hao wanapooana. Sisemi kwamba mambo yalitokea hivyo hasa. Ninachosema ni kwamba wazee, walipotaka kueleza uhalali wa mfalme, hawakuona aibu kusema kwamba baba yake alitoka kwingine.

Waluba hata waliitengenezea kumbukumbu hiyo chombo. Lukasa ni kipande cha ubao kinachoshikika kwa mkono mmoja, kilichopigiliwa shanga na kauri, na wazee wa chama cha mbudye walikisoma kwa ncha ya kidole: shanga hii ni mfalme, mstari huu ni safari, rundo hili ni makao matakatifu. Ubao mmoja ulisomwa kwa namna tofauti kutegemea nani anasikiliza na shauri gani liko mbele. Wapo watakaoona udhaifu hapo. Kwangu mimi, ubao unaokubali kwamba historia husimuliwa kwa sababu fulani, mbele ya watu fulani, una ukweli mkubwa kuliko fomu yenye nafasi moja ya kujaza.

Walunda walikwenda mbali zaidi kwa kufanya udugu kuwa kitu cha kiti. Mtu aliyerithi cheo alirithi pia jina, wake na ndugu wa mtangulizi wake, kiasi kwamba watawala wawili waliitana kaka na mdogo hata kama kwa damu hawakuwa na babu mmoja. Udugu ulikuwa kati ya viti, na waliovikalia walipita. Ndiyo maana Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula, anaweza kusimulia mambo ya karne mbili zilizopita kwa kusema "nilivuka, nilipigana, nilikaa". Ukoo wake ulitoka upande wa Musumba na kusimama katika bonde la Luapula karibu mwaka 1740. Mtindo huu uliwaruhusu Walunda kutawala watu wengi bila kuwafukuza. Chifu aliyekutwa mahali aliendelea kuitwa mwenye ardhi, akabaki na matambiko ya mvua na mavuno, na juu yake akawekwa mwakilishi wa mfalme wa kukusanya ushuru. Kazembe mwenyewe na watu wake walichukua lugha ya waliowazunguka, na leo Walunda wa Luapula huzungumza Kibemba. Hata bukari, yaani ugali, ambayo kila mmoja wetu huiita chakula cha nkambo, imetokana na mahindi na muhogo, mazao yaliyotoka Amerika na ambayo nchi hizi za Walunda ziliyapokea bila kuyauliza asili.

Sifa hizi zisitufanye tuote ndoto. Falme hizo ziliteka, ziliuza watumwa, na mtu aliyeingizwa katika ukoo kama mateka alijua daraja lake. Kumpokea mgeni kulikuwa mbinu ya utawala, na mbinu hiyo ilikuwa na ukali wake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Msiri.

Ngelengwa, aliyekuja kujulikana kama Msiri, alizaliwa Unyamwezi, katika magharibi ya Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyezoea kuja huku kununua shaba. Katikati ya miaka ya 1850 mwana alikuja na wenzake, wawindaji wa tembo walioitwa Wayeke, na badala ya kununua na kurudi, akakaa. Alikuwa na bunduki, nazo zilimpa faida katika magomvi ya machifu wa Wasanga na majirani zao. Aliyesaidiwa leo alijikuta kesho akilipa kodi. Katika muda wa kizazi kimoja akawa mfalme wa Garanganze, mji wake Bunkeya ukiwa soko lililounganisha pande mbili za bara: pembe na watumwa walikwenda Benguela kwenye Atlantiki na pwani ya Zanzibar kwenye bahari ya Hindi, na baruti na nguo zikarudi. Alioa kutoka kila upande alioutawala, na mmoja wa wake zake mashuhuri, Maria de Fonseca, alikuwa wa ukoo wenye damu ya Kireno. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika Bunkeya mwaka 1886 alikuta mji wenye watu wa makabila mengi kiasi cha kumchanganya.

Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuja kumtaka Msiri aweke alama ya mkono kwenye mkataba wa Waingereza, akakataliwa. Mwaka uliofuata Wasanga waliasi dhidi ya utawala wake, na katika hali hiyo ya udhaifu ukafika msafara wa William Stairs, Mkanada aliyeajiriwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Pili. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi, naye Bodson akauawa katika tukio hilo hilo. Kichwa cha mfalme kilikatwa. Inafaa kutaja kwamba wengi wa wapagazi na askari wa Stairs, ambao walikuwa mamia, walitoka Zanzibar na pwani, na amri zilizoiangusha Bunkeya zilipita katika Kiswahili. Lugha yetu iliingia Katanga kwa mlango wa biashara ya Wanyamwezi, ikaingia tena kwa mlango wa bunduki za Leopold, na baadaye ingeingia mara ya tatu kwa mlango wa kampuni. Wajukuu wa Wayeke, kwa upande wao, waliiacha polepole lugha ya Unyamwezi, wakachukua Kisanga, lugha ya watu waliokuwa wameasi dhidi ya babu yao.

Kuhusu mipaka iliyofuata nitasema machache, kwa kuwa kisa hicho kimesimuliwa sana. Sharpe angefanikiwa, Bunkeya ingekuwa Zambia. Kwa sababu alishindwa, mstari ulipita kati ya Walamba na Walamba wenzao, na Kongo ikabaki na ule ulimi wa ardhi wa Sakania unaoingia ndani ya Zambia, ambao Wazambia wa Luapula huuvuka ili kufika Mufulira. Mukuba uko chini ya pande zote mbili. Kasumbalesa yote, mji wetu wa mpakani, pamoja na foleni zake za malori, ni matokeo ya safari ya mtu mmoja aliyerudi mikono mitupu.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mji ukapewa jina la malkia wa Ubelgiji, na mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi likamwaga shaba yake ya kwanza. Wenyeji wa vijiji vya karibu hawakuwa na hamu ya kuingia mgodini, wala sioni kwa nini wangekuwa nayo. Waliona faida zaidi katika kuuza unga kwa mji. Kwa hiyo katika miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya wafanyakazi iliandikishwa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na wasimamizi wengi wazungu walitoka Rhodesia na Afrika Kusini. Wabelgiji walijikuta na mji ambao bendera yake ilikuwa yao na lugha yake ilikuwa Kiingereza, au ile lugha ya migodini iliyotoka kusini pamoja na mapipa ya baruti. Hofu hiyo ya kisiasa ndiyo iliyowasukuma, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kugeukia Lomami, Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi kutafuta watu, na kuchagua Kiswahili kiwe lugha ya kazi. Kuanzia mwaka 1928 kampuni iliongeza jambo jingine: badala ya kuajiri mwanamume peke yake kwa miezi michache, ilimtaka aje na mke, akae miaka, azae, watoto wasome shule ya kampuni na waje kuwa wafanyakazi. Kambi ndizo zilizotuzaa.

Kiswahili chetu kilizaliwa humo, na hakikuwa lugha ya mama ya karibu mtu yeyote kati ya wale waliokizungumza kwanza. Wageni kutoka Dar es Salaam hucheka wanaposikia "fasi", "bulongo" na "njo vile", nasi tumezoea kuchekwa. Lakini mwaka 1965 watu waliokuwa wamewatumikia wazungu majumbani mwao, waliojulikana kama maboi, walitoa kwa mkono wa André Yav historia ya mji huu kwa Kiswahili hicho hicho, bila kumwomba profesa ruhusa. Na miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi nzima katika picha karibu mia moja, akiitolea maelezo kwa lugha hiyo. Lugha iliyochaguliwa na wakubwa kwa ajili ya kutoa amri ilikuwa imekwisha kuwa lugha ya kuwasema wakubwa.

Desemba 1941, bei zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita na mishahara ikiwa imebaki pale pale, wafanyakazi wa kampuni waligoma. Hapa mjini walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawafyatulia risasi. Waliokufa ni makumi, pamoja na Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa msemaji wao. Walikuwa watu wa kila upande ambao kampuni ilikuwa imewafikia. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akisema kwamba siku ile risasi hazikuuliza asili, na sijapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo.

Miaka 16 baadaye swali hilo liliulizwa na sanduku la kura. Uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957 ulikuwa wa kwanza kwa Waafrika wa mji huu, na mameya waliotoka humo kwa ajili ya komini za Waafrika walikuwa watu wenye asili ya nje ya jimbo, hasa Kasai. Mwaka uliofuata ikaundwa Conakat, chama cha waliojiita Wakatanga halisi, kikiongozwa na Moïse Tshombe na Godefroid Munongo. Tshombe alikuwa Mlunda, aliyeoa katika nyumba ya Mwant Yav. Munongo alikuwa mjukuu wa Msiri. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Babu yake Munongo alikuja kutoka Unyamwezi katika miaka ya 1850, akatwaa nchi kwa bunduki. Miaka mia moja baadaye mjukuu anakuwa mlinzi wa mlango, akiwaambia watoto wa Kabinda na Mbuji-Mayi kwamba wao ni wageni. Simlaumu kwa kuwa mjukuu wa mgeni. Namtaja kwa sababu yeye ni ushahidi kwamba Katanga ilimpokea babu yake kikamilifu, kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumwuliza swali alilowauliza wengine.

Ni haki pia kuyasikia malalamiko ya Conakat, kwa kuwa hayakuwa ya uongo mtupu. Kampuni iliwapa watu wa Kasai nafasi nyingi za ukarani na ufundi, kwa sababu wamisheni walikuwa wamewasomesha mapema na kwa sababu mtu aliye mbali na kwao hategemei shamba la mjomba anapogombana na bwana wake. Msanga aliyetazama mlima wa nkambo zake ukigeuzwa shimo, huku yeye akibaki muuza unga pembeni, alikuwa na jambo la kusema. Kosa lilikuwa katika kulielekeza kwa jirani wa kambini. Katanga ilipojitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, Conakat ilisimama bega kwa bega na kampuni yenyewe, na aliyetajwa kuwa adui akawa fundi wa Kasai. Wala Katanga yote haikukubali: Waluba wa kaskazini, chini ya chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, walipigana na serikali ya Tshombe. Patrice Lumumba aliletwa hapa na kuuawa nje ya mji tarehe 17 Januari 1961. Bendera ya dola hilo, lililodumu hadi Januari 1963, ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba. Kitu kilichowahi kubebwa kutoka nchi hadi nchi kwa ajili ya kununua kilikuwa sasa alama ya kuzuia watu wasipite.

Mobutu alilipa jimbo jina la Shaba mwaka 1971, akaliondolea jina la Katanga bila kuliondolea swali lake. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi, ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Kapu lilipopungua, mikono iliyomo ikaanza kuhesabiwa. Kuanzia Agosti 1992 Likasi, kisha Kolwezi mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa majumbani, wakaitwa bilulu, yaani wadudu, wakakaa miezi katika vituo vya treni wakingoja mabehewa. Waliong'olewa ni mamia ya maelfu. Wengi wao walikuwa wamezaliwa huku, na wapo waliokufa njiani wakirudishwa mahali ambapo hawakuwahi kufika. Kampuni ilipoteza mafundi wake, na tani hazikupanda. Ningependa wanaorudia maneno yale leo, wanapowatazama vijana wa pikipiki waliofika juzi kutoka Kasai, waoneshe ni kitu gani wenyeji walipata mwaka 1993 walipobaki peke yao.

Kisha ukaja mgawanyo wa mwaka 2015. Majimbo ya nchi yakatoka 11 hadi 26, na Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kwa kalamu hiyo moja, mtu wa Kamina au Kalemie aliyeishi Lubumbashi miaka 40, ambaye huenda alipiga kelele za Ukatanga mwaka 1992 kuliko wote, amekuwa na asili ya jimbo jingine. Nimeanza kusikia minong'ono katika ofisi za mji huu kwamba nafasi fulani ni za wana wa Haut-Katanga. Hesabu ni ile ile, ila duara limekazwa.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji mkutano wa kitaifa. Nafasi ya asili iondolewe katika fomu zote ambazo hazina sababu ya kuiuliza, ibaki mahali pa kuzaliwa na mahali pa kuishi. Machifu wabaki na heshima yao na neno lao juu ya ardhi ya vijiji, kama wenye ardhi walivyobaki nalo chini ya Mwant Yav. Na sehemu ya ushuru wa madini ambayo sheria imeitenga kwa ajili ya maeneo yanayochimbwa ifike kweli katika vijiji hivyo, kwa kuwa hapo ndipo lalamiko la haki lilipo tangu mwanzo. Kumnyima karani wa Kabinda kazi hakujawahi kumjengea Msanga zahanati.

Pale mezani nilimwambia dada yule Kabinda. Akafungua orodha ya majimbo katika kompyuta, akatafuta kwa kidole, akachagua Lomami. Nikamweleza, kwa kuwa foleni nyuma yangu ilikuwa fupi, kwamba babu alipoondoka Lomami ilikuwa wilaya ya Katanga, kwamba baadaye kijiji chake kikawa cha Lusambo, kikawa cha Kasai, kikawa cha Kasai-Oriental, na ndipo kikafika hapo kwenye skrini yake, na muda wote huo yeye alikuwa Kamalondo. Alinisikiliza hadi mwisho, na nadhani aliniamini. Nikamwuliza baba yake alizaliwa wapi, akasema Kamina. Kisha akabonyeza, karatasi ikaanza kutoka.

"Papa," akasema, "mashini haina fasi ya kuandika yote ile."